Vumbi Hutangulia Picha

Nusu ya kichwa changu ilikuwa imeshanyolewa
Chesire alipozima mashine, akanitupia taulo begani:
"Kaa hapo, Mwalimu. Wa kwanza ametoka ziwani."
Ijumaa, saa nane mchana. Shuleni nilisema naenda Gilgil, benki.

Kinyozi chake ni mabati, kioo chenye ufa,
na runinga ya pesa za viazi
iliyofungwa ukutani kwa mnyororo wa mbwa.
Tulikuwa kumi na mmoja, na mbuzi wa Nyakio mlangoni.

Tuligundua mapema: vumbi huja kwanza.
Linasimama dirishani, refu, jeupe, nyuma ya migunga,
gari linapita kwa sauti ya gunia linalopasuliwa,
mabati yanatetemeka, kimya,
halafu tunahesabu hadi nane
ndipo gari lilelile linapita tena kwenye runinga,
dogo, safi, chini ya maandishi mekundu: MOJA KWA MOJA.
"Moja kwa moja gani," Chesire akacheka,
"na sisi tumeshalipigia chafya?"

Shemeji yake Otiende alikuwa kwenye simu, Kondele, Kisumu,
akitazama mashindano yayo hayo.
"Hili linalokuja halina taa ya kushoto," Chesire anamwambia.
Sekunde nane. Kweli, halina.
Tangu asubuhi Otiende alikuwa ameliwa mia mbili,
akaanza kuamini kwamba shemeji yake anaota.

Kisha helikopta ikapanda, na mtangazaji akasema,
"Hapa, watazamaji, ni nyika tupu.
Hakuna mtu. Ni wanyama na upepo."
Chini yake, wazi kabisa, paa la Nyakio,
turubai la buluu, mawe manne juu yake,
na blanketi zimeanikwa uani.
"Zile zangu," Nyakio akasema. "Na mzee amesahau kuzigeuza."
Hakuna mwingine aliyesema neno.

Gari la kumi na saba.
Vumbi likaja, likasimama, likakataa kusogea.
Sauti ikakatika kama uzi menoni mwa fundi cherehani.

Moja.
Kwenye runinga gari lingali likikimbia.
Mtangazaji anasifu mikono ya dereva.
Tatu.
Otiende anauliza, "Na hili, lina kasoro gani?"
Chesire ameziba mdomo kwa kitana.
Tano.
Nataka kugonga kile kioo nimwambie yule kijana punguza,
punguza, mbele kuna korongo la mvua za Aprili,
hata mbuzi hulizunguka.
Saba.
Anatabasamu, au ni kivuli cha helmeti.

Likabiringika mara mbili, likalala chali, magurudumu yakila hewa.

Na kutoka kwenye ile nyika tupu
wakatoka watu.
Wanaume wenye gambuti, bibi mmoja na panga lake kwapani,
na sweta ya kijani ninayoijua, iliyotoboka kiwiko:
Sironka, darasa la nane,
niliyemwandika mgonjwa asubuhi.

"Haya! Haya!" tukasikia dirishani.
Kishindo. Injini ikakohoa, ikashika.
Tukashusha pumzi sisi kumi na mmoja,
ilhali nchi nzima, hadi Kondele, bado imezishikilia zake,
bado inaona mikono tu chini ya bati lililobonyea.
"Litasimama," Chesire akamwambia Otiende, polepole.
"Dereva mzima. Hili sikutozi."

"Kwa bahati nzuri," mtangazaji akasema, "wananchi walikuwepo."
"Bahati ana jina," Nyakio akajibu runinga.
"Yule wa panga ni mama mkwe wangu, na hajala tangu asubuhi."
Akamfungua mbuzi, akaondoka.

Stima ikapotea kabla ya gari la ishirini.
Nikarudi nyumbani na kofia ya kuazima.

Jumatatu Sironka aliketi dirishani, kiwiko kimeshonwa uzi mweusi.
Alinitazama kichwani, upande hadi upande.
Sikumwuliza Ijumaa alikuwa wapi.
Naye, kwa adabu, hakuniuliza.